Waya Mfukoni, Wanaume Saba Nyuma ya Pikapu

Wewe unayesoma, nakusihi: usimwambie mtu hata neno moja la hapa. Usimtumie rafiki, usisome kwa sauti. Sijaweka jina langu, lakini Sumbawanga ni mji mdogo na pikapu yangu inajulikana.

Alhamisi. Upepo wa baridi tangu alfajiri, na mikono yangu bado inanuka petroli.

Pikapu niliachiwa na baba, nayo imenizidi umri. Kila siku naiendesha kwenda ofisini, ninapofanya kazi ya ukarani. Majirani wakisikia muungurumo wake wanajua ni saa moja na nusu. Baba aliitumia kubeba majeneza ya mtaa mzima na hakumdai mtu chochote. Alipofariki, hakuna aliyeniuliza kama nitaendelea. Walijua tu kwamba nitaendelea.

Juzi alifariki jirani yetu. Jana Mzee Leonsi, kaka wa marehemu, alikuja kuniambia kwamba asubuhi tunampeleka Muze, kwao, akazikwe. Nikajibu, "Sawa, mzee."

Muze iko bondeni. Barabara inashuka mlimani kwa kona kali, na mimi sijawahi kuishuka nikiwa dereva. Siku zote baba ndiye aliyeshika usukani, mimi nimefumba macho pembeni yake.

Nilipaswa kusema: naogopa mteremko. Maneno mawili.

Badala yake, leo kabla hawajafika, nilifungua boneti nikachomoa waya wa koili, ule unaopeleka moto kwenye plagi. Bila huo injini haiwaki kabisa. Nikautia mfukoni.

Nilidhani wataona gari limegoma, watafute lingine. Wao wakavua makoti.

"Baridi tu hiyo," alisema Mzee Leonsi. "Enzi za baba yako tuliisukuma kila Juni. Kaa kwenye usukani, mwanangu."

Wanaume saba waliisukuma hadi mwisho wa mtaa, wakaigeuza, wakairudisha, wakaanza tena.

"Karani, achia klachi! Usituandikie barua!" seremala wa jirani alipiga kelele.

"Gari la Mkatoliki hili, mbona halifufuki?" mwingine akadakia. Wakacheka, wakasukuma tena.

Nilicheka nao.

Hapo ndipo aibu inaponikaba. Nilicheka nikiwa nimekaa, waya ukinichoma paja, na kwenye kioo nilimwona Mzee Leonsi, mtu wa miaka sabini, ameegemeza bega kwenye bodi, soli ya kiatu kimoja imebanduka.

Lori la mahindi lilipatikana saa nane mchana. Jioni hii mzee amenipigia simu. Wamezika jua likizama. Padri alisubiri, akachoka, akaenda kwenye misa ya kigango kingine, ikabidi katekista aongoze maziko. Mjane alikuwa ameomba kitu kimoja tu: padri awepo.

Mzee hakunilaumu. "Pole na gari, mwanangu. Likipona, njoo Jumamosi utuchukue, mimi na shemeji na masufuria."

Pole na gari.

Waya nimeurudisha, ila sijathubutu kuwasha. Mtaa mzima ungesikia. Leo nilifika kazini kwa miguu nimechelewa, na kesho nitatembea tena.

Jumamosi nitakwenda Muze. Nitamwambia mzee, mbele ya mjane, kilichokuwa mfukoni mwangu wakati wanasukuma. Kusema nadhani nitaweza. Kushuka peke yangu siwezi.

Kama unaijua ile barabara, na unaweza kukaa kando yangu uniambie lini nitie gia ndogo, usiandike hapa chini. Wenzangu wa ofisini wanasoma. Njoo Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya soko. Utaiona pikapu ya bluu iliyopauka. Gonga kioo cha upande wa abiria, kwa nguvu kidogo. Usiniulize jina. Niambie tu kwamba umekuja kwa ajili ya mteremko, nitakufungulia mlango.