Mwisho wa Hadithi kwa Bei ya Yai Moja

Dada yangu Moraa,

Kwanza niambie, magoti ya Mama siku hizi yanamuacha alale? Na wewe na watoto mko aje? Mimi ni mzima. Mvua ya Kericho inanyesha kila mchana kama imeandikwa kazi ya kudumu, na huku ni yeye pekee bado hajafutwa. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwa simu nitakutania tu mpaka kredo iishe, na hii maneno si ya utani. Ingawa utacheka kidogo, najijua.

Nimesikia Mama Kerubo, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, amesema huko ni mimi nilimfutisha kazi. Wacha nikuelezee vile ilikuwa.

Si unajua niliacha shule darasa la tano, lakini kichwa haikuacha. Huku nimekuwa mtunzi wa hadithi za mambo yenye hayajakuja. Natunga nikichuma chai. Mikono ikishashika mwendo, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kichwa inabaki bure, inaenda yenyewe hata mbinguni. Nikikaa chini na kalamu hakuna kitu inakuja, isipokuwa usingizi. Kalamu ni ya Jumapili tu, kuandika ile mikono ilishatunga.

Na Mama Kerubo ndiye alikuwa ananipima. Alikuwa anachuma mstari wa karibu na wangu. Nikisema sehemu nzuri, ananyamaza. Ikiwa mbaya, anauliza, "Ombati, hivi leo mvua itanyesha?" Hiyo sehemu naitupa. Hajawahi kosea.

Mchana tukingoja kwa mizani nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha. Nawapigia stori mpaka mahali pa utamu, nakata. "Mwenye anataka mwisho anunue yai." Wananitukana na wananunua. Mama Kerubo hakununua hata siku moja. "Mkunga halipishwi kuona mtoto," anasema.

Yenye walipenda sana ni ya nzige wa chuma. Nilisema siku moja atakuja, tumbo yake ni gunia, anakula mstari mzima kabla nyapara akohoe. Watu walicheka mpaka wakamwaga majani. Kila siku, "Ombati, lete nzige." Nikawa namleta.

Alafu akakuja. Mashine ya kuchuma, inashikwa na watu wawili huku na huku, gunia inafuata nyuma. Tumbo ya gunia, dada, vile nilisema. Walinigeukia mimi, si nyapara.

"Huyu ndiye alikuwa anaiita," mmoja akasema.

"Kama mdomo yangu inaita vitu," nikamwambia, "si ningeita ng'ombe?"

Hakuna mtu alicheka. Nikatunga ingine haraka ya kuwatuliza. Wamama wetu wamepelekwa kuchuma chai mwezini. Huko kila kitu ni nyepesi. Mama anajaza kikapu mpaka inamwagika, anatundika kwa mizani, mshale hautingishiki. "Hujachuma kitu," nyapara wa bati anamwambia.

Mama Kerubo alinyamaza kabisa. Alafu akauliza, "Sasa hao watarudi nyumbani aje?" Lori ikafika. Nikamwambia mwisho ni kesho.

Kesho yake nyapara akasema wenye wanachuma kwa mkono kwa hicho kipande warudishe vikapu. Mama Kerubo aliifuta yake umande na leso kwanza, kama mtu anarudisha sufuria ya jirani. Nikaenda nimbebee mzigo. Akatoa mkono wangu. "Kijana yangu, kitu ikitajwa sana inajua njia. Usinitajie kitu ingine." Simu yangu hashiki mpaka leo.

Mimi walinibakisha. Na unajua kazi yangu? Nashika huyo nzige. Mimi upande huu, Rono wa Sosiot upande ule. Inanguruma mpaka meno inacheza. Juzi Rono akaniuliza kwa nguvu, "Siku hizi stori hakuna?"

"Iliingia kwa gunia," nikamjibu.

Alicheka, mimi hapana. Mikono inatetemeka tu, haitungi. Jumapili nashika kalamu na sina cha kuandika. Mayai nakula mwenyewe. Kwa mizani tumebaki wachache, na hakuna mwenye anataka kujua mwisho wa kitu.

Kazi nitapata, hata nikisukuma mkokoteni Sotik. Lakini Mama Kerubo asiponisikiza, mimi si mtunzi, mimi ni mtu anaongea tu.

Mwisho ya ile stori ya mwezini nilikuwa nayo. Wamama ni wepesi huko, kwa hivyo wanaruka, wanakuja nyumbani wakipepea. Lakini nikiiangalia sasa naona shida. Wakikaribia huku chini, uzito yao inarudi. Wataanguka vibaya. Sijui niwashushe wapi.

Salimia Mama kwa mikono miwili. Salimia shemeji, bwana yako, umwambie lile jembe yangu alikopa nalijua kwa kuangalia tu. Salimia mjomba mwenye alininunulia kalamu ya kwanza, asijilaumu.

Alafu chukua yai moja ya kuku wa Mama, uchemshe, uvuke mto. Mpatie Mama Kerubo. Mwambie safari hii ni Ombati ananunua mwisho: wale wamama walishukia wapi?

Akikuuliza kama mvua itanyesha, rudi nyumbani, usinipigie. Akinyamaza, kaa hapo ungoje.

Ni mimi ndugu yako wa mayai,
Ombati