Miwani ya Dhiraa Moja

Al Thumama, Doha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe mdogo wangu Zuhura unayemsomea, marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana najua utajisahaulisha. Goti linaendeleaje, mama? Mbuzi ameshazaa? Shemeji Khamis ameacha sigara, au ameacha kama alivyoacha mwaka jana na mwaka juzi? Mimi mzima. Joto limepungua, sasa mtu anaweza kushika chuma cha mlango wa basi bila kutaja jina la Mungu.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Sababu iko chini kabisa. Usimwambie Zuhura aruke.

Kazi ni ileile, hoteli ya West Bay, natandika vitanda vya watu wasiolala. Kilichobadilika ni Ijumaa. Baada ya sala huja kwenye makazi yetu madaktari na wauguzi wa kujitolea, kila mmoja na nchi yake, wakatupima bure. Mara ya kwanza nilikwenda kwa sababu nilisikia kuna biriani. Nilipofika biriani imekwisha, na foleni fupi ilikuwa ya macho peke yake. Nikapimwa, nikaambiwa naona vizuri. Kumbe nilikuwa nimesimama na vijana wa Uganda wasioelewa wanaulizwa nini, nikawaeleza. Mpimaji, mwanamke mfupi wa Kerala anayeitwa Anju, akaniambia, "Wewe usiondoke." Basi sijaondoka mpaka leo.

Mama, nimeyaona mambo. Yuko Mkenya mmoja, Otieno, bawabu kwenye jengo refu kule Lusail. Anju alipomvisha miwani akatoka mlangoni, akatazama ng'ambo ya barabara. Kisha akasema, "Aki ya nani, kumbe hizo ghorofa ziko na madirisha!"

Nikamwambia, "Na wewe ndiye mlinzi?"

"Wee, ongea polepole. Supavaiza ako hapo nyuma."

Yule mtu alikuwa akilinda kwa masikio.

Nikaanza kuwa na udadisi. Hotelini wageni husahau miwani kuliko wanavyosahau soksi. Wasipoirudia, meneja huruhusu itolewe sadaka, na mimi ndiye mchukuzi wa kuipeleka kwa Anju. Siku moja nimesimama chumbani na miwani ya mzee fulani mkononi, mwanga wa dirishani ukapita kwenye kioo, nikaona ukutani majengo ya West Bay yote yamesimama kichwa chini, madogo, safi, na gari zinapita juu kama sisimizi darini. Nikaacha kutandika. Nikajaribu miwani nyingine. Kioo kikali huchora picha kikiwa karibu na ukuta, kioo dhaifu hutaka usogee mbali. Vingine havichori kitu; hivyo ni vya watu kama Otieno, wasioona mbali. Nikawa napima kwa mkono, kama wewe unavyopima kitambaa: hii ya shibiri, hii ya dhiraa, hii ya pima nzima.

Nikampelekea Anju ugunduzi wangu kwa fahari. Akaichukua miwani, akaitia kwenye mashine yake, ikatoa jibu kabla sijakunja kiwiko. "Umekaribia," akasema. "Lakini mashine haitandiki vitanda. Rudi kazini."

Sasa nafika kwako, mama.

Uliponiambia umeacha kushona kofia kwa sababu nyuzi za siku hizi mbovu, nilikuamini. Shemeji Khamis alipolalamika kwamba wali una mawe, nikasema duka lake ndilo baya. Nilianza kushtuka pale Zuhura aliposema unatia uzi kwenye sindano kwa kuomba. Ndipo nikakupima kwa simu, unakumbuka? Nikasema, "Mama, nisomee kidogo." Ukafungua msahafu ukasoma Yasini, moja kwa moja, bila kukwama. Nikaenda kwa Anju nikamwambia mama yangu ana macho ya kipanga.

Usiku ule Zuhura akaniandikia: msahafu ulikuwa umefunguliwa kwenye sura nyingine kabisa.

Nilipomweleza Anju, ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Alicheka mpaka akakaa. "Ulimpima kwa kitu anachokijua tangu utotoni! Umepima kumbukumbu. Kumbukumbu nzuri. Sasa pima macho." Ndiyo maana juzi Zuhura alikuletea ungo wa mchele akauliza jiwe liko wapi. Ulidhani anakusumbua. Nilikuwa nyuma ya simu, nakuona. Uliusukuma ungo mpaka mikono ikaisha, ndipo ukaliona.

Anju anasema si uchawi, si adhabu, na si nyuzi. Jicho la ujana hujikaza lenyewe kuona karibu. Miaka ikienda hukakamaa, likashindwa kujikaza. Humpata kila mtu, tajiri na maskini. Kwa umri wako na urefu wa mikono yako, amenichagulia miwani mpya iliyomo kwenye mfuko huu alioubeba mwenzangu Makame anayekuja likizo. Nimeipima dirishani: ni ya dhiraa moja.

Najua utasema nini. Utasema Bi Kombo alivaa miwani na mwaka wa pili akapofuka. Mama, Bi Kombo alikuwa na mtoto wa jicho, na miwani ilimkuta naye. Nyumba ikiungua, hatumshiki aliyekuja na ndoo. Naye Anju amesema wazi: kwa simu hawezi kujua kama nawe unaye mtoto wa jicho. Kwa hiyo madaktari wa macho wa kujitolea wakija hapo Wete, uende. Zuhura atakupeleka. Ukiambiwa upasuliwe, ni jambo la muda mfupi na watu hurudi wanaona. Miwani ni ya kukupa kofia zako. Daktari ni wa kukupa macho.

Lakini nakujua. Utaipokea, utanishukuru, utaifunga kwenye kitambaa chini ya kanga zako. Na mimi nikipiga simu utasema unaivaa.

Basi nimefanya hivi. Lile swali lako la kumposa binti wa Mwalimu Salum, ambalo kila ukiniuliza mtandao hukatika, jibu lake ninalo. Nimeliandika chini ya jina langu kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Huwezi kulijua kwa moyo kama Yasini, kwa sababu halijawahi kusomwa na mtu. Baibui lililomo mfukoni ni la Zuhura, bei ya kufunga mdomo wake. Ameapa.

Nisalimie Shemeji Khamis, umwambie mawe yana mwisho. Nisalimie shangazi yangu Bi Mize, mlezi wangu wa pili, na mjomba muadhini, sauti yake naikumbuka kila alfajiri hapa. Msalimie Bi Kombo, umshike mkono kwa niaba yangu. Watoto wa Zuhura, tende zao zimo; wagawane bila vita.

Zuhura, ishia hapa. Mpe mama karatasi na miwani, halafu nenda nje ukamwangalie mbuzi.

Mwanao anayekuombea,
Haji

Ndiyo, mama. Nimekubali. Ila naye akapimwe macho kwanza, aone vizuri anachokichukua.