Tumbawe Alilolishusha Mama Mkwe

Jumapili, Septemba. Upepo umeamka na vumbi lake tangu asubuhi, mtaa wetu wa Nkuhungu wote umefunga madirisha. Niko sebuleni mbele ya tangi langu la maji ya chumvi na sijisikii vizuri. Siumwi. Naona aibu.

Mnaonifuata hapa mnalikumbuka chapisho langu la mwisho, lile la matumbawe kwa anayeanza. Nilijiandika kama mtaalamu. Nikasema anza na matumbawe laini, kama yale yanayoitwa uyoga, maana hayadeki. Hapo sikukosea. Kisha nikawaonyesha picha ya uyoga wangu wa kwanza, wa kijani wenye ukingo mwekundu, niliouweka juu kabisa ya mawe, chini ya taa. Mlinipongeza sana.

Nisichowaambia ni kwamba dada aliyeniuzia, anayeotesha matumbawe kwenye matangi yake mwenyewe kule Dar, alinisisitizia: uyoga weka chini, pembeni, mwanga uwe hafifu na mkondo wa maji usiupige. Nilimsikia vizuri. Ila pale chini mgeni aliyekaa kwenye kochi haoni kitu, na mimi nilitaka uonekane.

Siku ya tatu ulikuwa umesinyaa kama zabibu iliyosahaulika juani.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwetu. Alikuja kutoka milimani Kondoa kwa ajili ya kliniki ya macho, miadi yake Alhamisi. Mchana, mimi na mke wangu Rehema tukiwa kazini, yeye alikuwa anakaa na tangi. Aliniambia halimchoshi kulitazama.

Jumatatu narudi kutoka ofisini, uyoga haupo juu. Uko chini kabisa, kwenye mchanga wa kona, penye kivuli cha mawe. Mama akanieleza kwa uso wa mtu aliyefanya jambo jema: "Baba Shani, niliona tumbawe lako linaungua. Nikalishusha kivulini, kama tunavyofanya mche."

Nikapiga kelele. Nikamwambia ameingiza mkono wenye mafuta kwenye maji yangu, ameniulia tumbawe, na nani kamwambia ashike vitu asivyovijua. Jirani alikuwa mlangoni, amekuja kuazima ungo. Rehema alikuwa ameshika sufuria, akabaki amesimama nayo vile vile.

Mama mkwe akaniomba radhi. Mimi! Akasema mkono aliunawa kwanza kwa maji matupu, mpaka kwenye kiwiko, asije akaharibu.

Nimelelewa kwamba mkwe unamwamkia umeinamisha kichwa. Na mimi nilimfokea mama wa watu mbele ya jirani.

Jumanne asubuhi akapanda basi la Kondoa. Alisema ana kuku wa kuangalia. Kliniki hakwenda.

Uyoga niliuacha pale pale kwa hasira, nikiamini umeshakufa. Jumatano, wakati wa kulisha samaki, nikaukuta umefunguka. Umejaa, mpana kuliko siku ulipofika.

Hapa ndipo mkono unakuwa mzito. Sikumwambia mtu. Nilichukua jiwe dogo nikaliweka mbele yake, ili usionekane kutoka kwenye kochi. Jumatano hiyo, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Rehema ananiwekea chakula mezani bila neno, nami najifanya mtu aliyeonewa ndani ya nyumba yake.

Leo Rehema kafuta vumbi kwenye kioo. Akainama upande wa ile kona, akauona uyoga nyuma ya jiwe.

"Umefunguka lini?"

Ningeweza kusema leo. Ulimi ulikuwa tayari kabisa. Nikasema Jumatano.

Hakugomba. Alikwenda chumbani, akaniletea simu yangu, akaiweka mapajani mwangu, akaendelea kufuta kioo.

Nikapiga. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia kama kawaida, akauliza hali ya mjukuu wake Shani na habari za vumbi. Kabla sijaanza nilichompigia, akaniuliza kama nimeshapata tumbawe jingine badala ya lile aliloliua.

Aliloliua. Siku zote hizi anaamini hivyo, na mimi nilikuwa najua.

Nikamwambia yote, hata habari ya jiwe. Nyuma yake nikawa nasikia kuku wake.

"Alhamdulillah," akasema. "Nilikuwa natafuta mtu wa kuniombea msamaha kwako, ndipo nirudi kliniki. Nilikuwa naona haya kukutazama, baba."

Haya azione yeye! Nikampa Rehema simu nikatoka uani, na nikimwambia mtu kwamba machozi yale yalikuwa ya vumbi nitakuwa nimeongeza uongo mwingine.

Jiwe nimelitoa. Lile chapisho nimelirekebisha: uyoga unawekwa chini, kivulini, na nimeandika kwamba aliyenionyesha ni mama mkwe, baada ya mimi kukataa kumsikia dada aliyeniuzia. Rehema ataulizia miadi mipya hospitali.

Kesho nimeomba ruhusa kazini. Nakwenda Kondoa kumchukua mwenyewe. Mama alisema kwenye simu kwamba yameisha, nisijisumbue. Hayajaisha. Nilimfokea mbele ya watu, na radhi nitaiomba uani kwake, majirani zake wakisikia.