Sikudhani Ambaye Hakutajwa

Jumapili, Januari 1975

Bado nina hasira. Leo mkutanoni, mbele ya mgeni kutoka Sumbawanga, katibu wa kijiji amewasifu wanawake wetu watatu mashuhuri, wote Sikudhani: mwalimu, mwenyekiti wa akina mama na bingwa wa kilimo cha ulezi.

Bibi yangu Sikudhani, mkunga, hakutajwa. Kosa lake ni kukataa kuhamia kijiji cha ujamaa.

Nikasimama. "Ndugu Katibu, hao wote walizaliwa mikononi mwa bibi. Ndiyo maana wakapewa jina lake."

"Kaa chini, dada. Usituharibie mkutano."

Wale watatu wanatazama kanga zao. Waoga!

Jioni katibu kaja mlangoni, kofia mkononi. Mkewe ameshikwa na uchungu, niwapeleke kwa bibi. Nimewapeleka. Sikumsemesha njia nzima.

Mtoto akiwa msichana, nataka nisikie huyo bwana atamwita nani.