Chumvi Iliyoota Korongoni

Bibi Mwahija, shikamoo. Nasikia watu wanakusomea barua huko Shinyanga mjini nawe unawajibu gazetini bila kumwonea mtu haya, basi nisikilize na mimi kabla mwezi mpya haujaandama, maana siku hiyo bibi mmoja atachomewa nyumba kwa kosa nililolifanya mimi.

Mimi ni mtumishi katika nyumba ya kupimia dhahabu huku Geita, kazi yangu kuosha chupa na kutupa taka za dawa, yaani tindikali iliyokwisha kazi na maji ya ile dawa nyeupe inayoyeyusha dhahabu, na bwana mpimaji aliniagiza shimo likijaa nichimbe jingine, refu kupita kimo cha mtu, mbali na malisho, nilizungushie miiba, lakini lilijaa katikati ya kiangazi, ardhi imekuwa jiwe, nikapiga sururu siku mbili nikavuna malengelenge tu, nikasema moyoni maji haya jua litayanywa, nikawa namwaga maji ya dawa nyeupe korongoni nyuma ya kilima, nikamwambia bwana nimechimba.

Jua liliyanywa kweli, Bibi, lakini likaacha kitu. Mawe yaliota weupe kama wa magadi, na asubuhi nilipopita nilikuta kimya ambacho sijapata kukisikia, hakuna nzi, hakuna panzi, njiwa wamelala chali mstari mmoja kama waliopangwa, nikarudi nisimwambie mtu, na siku ya tatu ng'ombe wa jirani yetu Bujiku wakawaponyoka wachungaji wakashuka wenyewe, hakuna aliyewaita, nami niko juu ya kilima nasikia ndimi zinakwaruza mawe, kisha sauti ikakatika. Watano wakaanguka pale pale. Fisi wawili waliokuja kula tuliwakuta kando ya mizoga, midomo wazi, na tai wanazunguka juu hawashuki.

Mganga akapasua kuku, akasoma matumbo, akasema mkono uliotenda hivi unatoka katika mlango unaotazama machweo, na mlango wa namna hiyo kwetu ni mmoja, wa Limi, mjane asiye na mtoto, macho mekundu, naye ndiye aliyetupa maziwa mimi na mke wangu Esta siku tuliyohamia. Jana nilipita kwake nikamwamkia kama mama yangu, "Mwangaluka, mayu," akaitika huku anacheka, "Wanasema nimekula ng'ombe watano. Kwa meno gani, baba? Nimebakiwa na mawili, nayo hayaonani!" Nikashindwa kucheka. Nikisema kweli bwana atanifunga, Bujiku atanichoma mkuki, na watu watasema kumbe mchawi ni mimi. Na Bibi, chupa hazikomi kujaa, bado namwaga palepale, na kila nikienda naona weupe umetambaa, sasa unaelekea kisimani. Nifanye nini?

*

Marahaba, mwanangu. Mimi kusoma sijui. Nimesomewa barua yako mara mbili, na mara ya pili nilimwambia msomaji ashushe sauti. Gazetini itapigwa chapa baadaye ili wengine waonyeke, jina lako nimelikata. Jibu lako linatangulia kwa mkono wa Maulidi, dereva wa lori la pamba.

Pole kwa hofu. Haya, pole imekwisha, sasa nikuseme. Wewe mtoto wa wafugaji hujui ng'ombe hufuata chumvi? Huwaoni kiangazi wanalamba hata mahali mtu alipokojoa? Ukawaandalia karamu! Umeogopa malengelenge, ukaua ng'ombe watano, sasa unamwacha mjane akubebee. Na bado unamwaga! Una kichaa?

Eti macho mekundu. Hata yangu mekundu. Mtu apulize moto wa mavi ya ng'ombe miaka arobaini, kisha aje tutazamane.

Ukimaliza kusoma haya, mtume Esta kwa Limi. Akapike huko, alale huko, watu wamwone, wasithubutu kuwasha moto.

Wewe acha kumwaga leo, si kesho. Nimemwuliza Stanslaus, mchanganya dawa wa hospitali, akabaki na kikombe cha chai hewani. Anasema tindikali na hiyo dawa nyeupe visikutane hata tone, si shimoni, si ndooni. Vikikutana hutoka pumzi usiyoiona, na aliyeivuta hamalizi kumwita mama yake. Kila kimoja kiwe na chombo chake, kifungwe, kiwekwe mbali na mwenzake. Weupe ule usiuguse kwa mkono mtupu wala usiufagie. Zungushia korongo miiba. Kisimani asiteke mtu. Mizoga isichunwe wala isiliwe; nawajua, nyama ya bure haikosi mlaji.

Kisha nenda kwa bwana mpimaji, kofia mkononi, useme, "Nilikudanganya." Kusafisha korongo ni ujuzi wake, si wako, wala si wangu. Atakufukuza? Afukuze. Atakufunga? Jela ina siku ya kutoka. Nyumba iliyochomwa mtu akiwa ndani haina.

Hapo hapo nenda kwa mwanangwa wenu, ndiye mkubwa wa kijiji, apige mbiu. Bujiku awepo, mganga awepo na kuku wake. Usiwape hotuba ya dawa za wazungu, hawatakuamini. Wapeleke ukingoni, waone mawe, useme: "Niliyamwaga mimi, kwa mikono hii." Mganga akibisha, mwambie arushe kuku mmoja kule chini, adonoe. Huyo atasema kweli kuliko matumbo ya mwenzake. Bujiku akishika mkuki, simama nyuma ya mwanangwa, lakini usikimbie. Ukikimbia, watarudi kwa Limi.

Utatetemeka. Tetemeka, mwanangu, huku unasema. Sijasikia mtu aliyekufa kwa kutetemeka.

Nami nakuja na lori la Jumatano, magoti haya haya mabovu. Nikishuka sitaulizia nyumba yako, nitaulizia ya Limi. Nikionyeshwa majivu, usiniamkie.