Kwa Bwana Nyundo, Aliyevunja Shule ya Ihanda

Baba Ketrina, leo tarehe 6 Februari 1954 umetimia mwaka mzima tangu tukuzike hapa Ihanda, mbali na kwenu Polandi.

Ulifika mwaka 1931 na sanduku la kalamu na karatasi za ramani. Ukachora makanisa na maghala ya kahawa toka Mbozi mpaka Tunduma. Ukanioa mimi, Enesi, Wazungu wenzako wakakususa. Hukujali hata kidogo.

Ulikuwa mkali, tusidanganyane. Kila tanuri la matofali likifunguliwa ulilaza tofali moja kwenye ndoo ya maji. Likimomonyoka, unabeba nyundo kubwa na kuangusha ukuta wote, ndiyo maana wakakuita Bwana Nyundo. Fundi Jonasi ulimzaba kofi kwa ajili ya tofali bichi, halafu jioni ukampelekea unga wa wanawe.

Shule yetu wazazi waliijenga wewe ukiwa Tunduma. Mvua iliingia kwenye tanuri, matofali hayakuiva, nao hawakutaka kuchelewa kufungua shule, wakazipaka kuta chokaa zikapendeza. Uliporudi, tofali likawa tope ndooni. Ukabomoa ukuta wa kwanza mchana kweupe, mbele ya akina mama walioyabeba matofali yale kichwani miezi miwili. Watu wakasema serikali imekutuma, haitaki watoto wetu wasome. Wakakuvamia kwa mawe na mipini ya majembe. Wa kwanza kukupiga alikuwa kaka yangu, Nathanaeli. Walikuvunja mbavu, wakakupasua kichwa, na nyundo hukuiachia.

Siku tatu ulitema damu. Neno lako la mwisho lilikuwa, "Enesi, bado ukuta wa pili. Watoto wasiingie."

Basi nilikaa mlangoni pa shule na panga. Nikaapa atakayeingiza mtoto nitamkata, hata awe nani. Kaka yangu alinitukana, watoto wakanizomea. Wiki ya pili, asubuhi ya masomo, ukuta ukaanguka wenyewe na kusaga madawati yote.

Nathanaeli ameomba jina lake liandikwe hapa. Nilimfukuza mara mbili. Sijamsamehe, na roho inaniuma kuliandika.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu: mkeo Enesi, wanao Ketrina na Osea, fundi Jonasi, na shemeji yako Nathanaeli aliyekuua, ambaye watoto wake watatu walikuwa nje siku ile, wananizomea.