Wenye Kiwanda Tunapekuana Getini

Rumonge, Jumapili

Yaya Furaha, dada yangu mpendwa,

Amahoro, salamu za amani kutoka huku ng'ambo ya ziwa. Mgongo wako unaendeleaje? Mama Mdogo amepata dawa yake ya macho? Na mihogo ya nyuma ya nyumba, mvua iliiacha salama? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, lakini roho inanichemka, na nisipokuandikia wewe sitapata usingizi.

Nilikupigia simu nikijisifu kwamba nimekuwa mwenye kiwanda. Sikukudanganya. Patroni wetu, bosi wa hapa kwenye kiwanda cha mawese, alituita uani akasema mwaka huu hakuna nyongeza ya mshahara, badala yake kila mfanyakazi anapewa hisa, yaani sehemu yake ndogo ya kiwanda. Tulishangilia, yaya, tena tulibadilika kabisa. Mimi wa mashine ya kukamua, nikiona bolti imelegea naikaza bila kuambiwa. Akina mama wanaochambua chikichi waliokota hata punje iliyodondokea matopeni. Mvivu tulimkemea sisi wenyewe, patroni akakosa hata wa kumfokea. Nilikuwa naenda kazini na furaha, nisiseme uongo.

Sasa sikia walivyotutenda. Tangu zamani, kila Jumamosi mfanyakazi wa hapa huondoka na chupa ya mawese ya kupikia nyumbani. Si mshahara, ni desturi tu, hata wazee wa kiwanda waliikuta. Mwezi uliopita patroni akaifuta. Tulipouliza, akasema mwenye mali hajigawii mali yake kila wiki, anangoja faida. Hiyo faida hatujaiona. Mkutano wa wenye hisa ulifanyika Bujumbura bila sisi, habari zake tukazipata kwa dereva wa lori. Kwa dereva, yaya!

Hayo ningeyameza. Ya jana ndiyo yamenichoma. Patroni aliniweka getini nipekue mizigo ya wenzangu wakitoka, eti mwenye kiwanda lazima alinde kiwanda chake. Wa kwanza kufika akawa Mama Zawadi, mjane wa Minago, yule aliyenilisha nilipovuka kuja huku sina mtu. Ndani ya kikapu, chini ya kitenge, kulikuwa na chupa yake. Hakubabaika hata kidogo.

"Bahati," akaniambia polepole, "hii kiwanda iko yangu pia. Nimeiba ya nani?"

Nikamfunikia kikapu, nikamwambia apite. Kumbe patroni alikuwa ameegemea gari lake anatutazama. Alikuja mbele ya watu wote akamwambia Mama Zawadi asirudi tena, na mimi Jumatatu nisimame pale pale nipekue sawasawa, la sivyo nimfuate huyo mama. Nikamuuliza, kama kiwanda ni chetu, mbona kuhusu chupa hatukuulizwa. Akacheka.

"Uko na hisa," akasema. "Hauko na mudomo."

Nimekasirika, yaya, mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nilipokuwa kibarua tu nilitukanwa, lakini nilirudi nyumbani na mafuta yangu. Leo naitwa mwenye mali, natukanwa vilevile, na juu yake nawabwekea wenzangu mlangoni. Afadhali wasingetupa kitu, tusingejua kupenda kazi ya mtu kama yetu.

Nisalimie Mama Mdogo, na shemeji, mwambie nyavu alizoagiza nimezipata. Mchungaji aniombee. Watoto wako wote uwabusu kwa ajili yangu.

Kesho nitasimama getini kama nilivyoagizwa. Gari la patroni hutoka kila jioni na madumu ya mawese nyuma, na hakuna anayethubutu kuyatazama. Yeye ndiye mwenye hisa kubwa kuliko sisi sote, basi nitaanza kumpekua yeye. Ukisikia nimefukuzwa, usikubali mtu akwambie niliiba.

Mdogo wako akupendaye,
Bahati